Anayekula kwa huzuni hahitaji kukemewa, anahitaji stadi

Ushauri anaopewa mtu anayetaka kupunguza uzito haubadiliki sana kutoka kliniki moja hadi nyingine. Punguza wali na ugali, acha soda, ongeza mboga, tembea nusu saa kila siku. Ni ushauri sahihi, na wapo wanaoufuata wakafanikiwa.

Lakini lipo kundi la wagonjwa wanaotoka kliniki wakiwa wameuelewa ushauri huo vizuri kabisa, kisha wanarudi na uzito uleule au ulioongezeka. Si kwamba hawajui chapati ina mafuta. Wanajua. Tatizo ni kwamba mkono unakwenda kwenye sufuria wakati tumbo halina njaa: wakiwa na hasira, wakiwa wapweke, wakiwa na wasiwasi wa ada ya shule, au baada ya kusemwa vibaya kazini.

Mtu wa namna hii akiambiwa "jitahidi, acha ulafi," anaongezewa huzuni nyingine juu ya ile iliyomfanya ale. Ndiyo maana, kwa zaidi ya miaka 20 sasa, baadhi ya wataalamu wa afya ya akili wamekuwa wakitumia njia tofauti: kuwakusanya wagonjwa katika kikundi na kuwafundisha, kama darasani, stadi za kumudu hisia zao.

Si kila mwenye uzito mkubwa anakula kwa hisia

Uzito huongezeka kwa sababu nyingi. Upo urithi, zipo dawa fulani, yapo magonjwa ya homoni, upo usingizi mdogo, ipo kazi ya kukaa kutwa, na vipo vyakula vya mafuta na sukari vinavyouzwa kila kona. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mwaka 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na kiribatumbo, na kwamba kiwango cha hali hiyo kwa watu wazima kimeongezeka zaidi ya mara mbili tangu mwaka 1990. Ongezeko kubwa kiasi hicho haliwezi kuelezwa kwa huzuni za watu peke yake.

Hata hivyo, miongoni mwa wanaotafuta tiba ya uzito wapo wenye tatizo la kula kupindukia. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kililiingiza tatizo hilo katika mwongozo wake kama ugonjwa unaojitegemea. Kwa vigezo vyake, mgonjwa hula kwa muda mfupi chakula kingi kuliko ambacho watu wengi wangekula katika muda huo, huku akihisi hawezi kujizuia. Hali hiyo humtokea angalau mara moja kwa wiki, kwa miezi mitatu.

Dalili nyingine ni kula haraka kuliko kawaida, kula mpaka tumbo linauma, kula bila njaa, kula kwa kujificha kwa sababu ya aibu, na kujichukia baada ya kumaliza. Kuongeza sahani ya pili ya pilau kwenye harusi, huku mtu akifurahia na wenzake, si ugonjwa huu.

Mafunzo yalianzia wapi

Stadi zinazofundishwa zina asili ambayo haikuhusu uzito hata kidogo. Zilitengenezwa na mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, kwa ajili ya watu waliokuwa wakijidhuru na kutaka kujiua. Kitabu chake cha mwongozo kilitoka mwaka 1993. Mwaka 2011 Linehan alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alipokuwa msichana alilazwa hospitalini kwa matatizo kama hayo.

Tiba yake inaitwa tiba ya kitabia ya dialektika, na duniani inajulikana zaidi kwa herufi DBT. Dialektika hapa maana yake ni kushika mambo mawili yanayoonekana kupingana bila kuacha lolote. Mgonjwa anakubaliwa jinsi alivyo, kwa sababu anafanya kadiri anavyoweza. Wakati huohuo anatakiwa kubadilika.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, waliona kwamba mtu anayekula kupindukia naye anatumia kitu chenye madhara ili kuzima hisia inayomuumiza. Chakula kinamtuliza kwa dakika chache, kisha aibu inaingia. Wakazichukua stadi za Linehan, wakazigeuza zifae vikundi vya watu wenye tatizo hilo. Kikundi kilikutana mara moja kwa wiki, saa mbili kila mara, kwa wiki 20.

Mnyororo wa siku moja

Kazi kubwa ya kikundi ni kuuchambua mnyororo. Kila mshiriki anapewa kadi ya kujaza kila siku: leo alihisi nini, hamu ya kula ilikuwa kubwa kiasi gani, alikula kupindukia au hakula, na alitumia stadi ipi. Akiwa amekula kupindukia, anarudi nyuma hatua kwa hatua kutafuta pete zilizoungana mpaka akafika pale.

Mfano ni wa mama wa kufikirika, mwenye watoto wawili na kazi ya ofisini. Jana usiku hakulala vizuri kwa sababu mtoto mdogo alikuwa akikohoa. Asubuhi aliondoka bila chai. Mchana hakula, maana ameamua kupungua na anajiona anafanya vizuri. Saa tisa mkuu wake wa kazi akamsema mbele ya wenzake kwa kosa ambalo si lake. Akanyamaza.

Jioni alisimama kwenye daladala saa nzima. Alipofika nyumbani, wifi yake akapiga simu kuulizia mchango wa harusi, na kabla ya kukata akatania: "Lakini wifi, gauni la sare litakutosha kweli?" Mama akacheka. Akapika, akala kidogo na watoto, akawalaza.

Saa nne usiku yuko jikoni peke yake. Anakula chapati iliyobaki, akiwa amesimama. Kisha ya pili na ya tatu. Kisha mkate na siagi ya karanga, halafu pakiti ya biskuti za watoto za kupeleka shule. Hazisikii ladha. Anapomaliza, anaisukuma pakiti chini kabisa ya ndoo ya taka ili mumewe asiione. Anaapa kwamba kesho hatakula mpaka jioni.

Akiulizwa kilichotokea, mama huyu atasema ana tamaa ya chakula. Mnyororo unaonyesha mambo mengine. Kulikuwa na usiku bila usingizi, saa 12 bila mlo wa maana, fedheha ambayo hakuisema, na utani uliomchoma akaufunika kwa kicheko. Kiapo chake cha mwisho, cha kushinda na njaa kesho, tayari ni pete ya kwanza ya mnyororo unaofuata.

Kikundi hakimuulizi kwa nini hana nidhamu. Kinamuuliza ni pete ipi ambayo ingekatika kwa urahisi. Mmoja atasema ni mlo wa mchana. Mwingine atasema ni dakika tano za kumpigia rafiki simu baada ya kusemwa kazini. Mwingine atasema ni jibu la upole kwa wifi: "Wifi yangu, utani wa mwili wangu unaniumiza, naomba tuuache." Wiki inayofuata mama anajaribu moja, kisha anarudi kueleza ilikwendaje.

Stadi zenyewe

Mafunzo yana sehemu tatu. Ya kwanza ni kuwa makini na kinachoendelea sasa, bila kujihukumu. Washiriki hujifunza kula taratibu, wakitazama chakula, wakinusa na kusikia ladha ya kila tonge. Anayekula bila kuhisi ladha hana njia ya kujua ameshiba saa ngapi.

Katika sehemu hiyo hufundishwa pia namna ya kuipitisha hamu kama wimbi. Wazo hilo linatokana na kazi ya Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington aliyefanya kazi na watu wenye uraibu. Hamu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, hata kama mtu hakuitii. Anayeamini kwamba itaendelea kupanda mpaka imshinde hukimbilia chakula mapema. Aliyeitazama mara kadhaa ikishuka yenyewe hupata ujasiri wa kusubiri.

Sehemu ya pili ni kumudu hisia. Inaanza na kuzipa majina. Wengi husema tu "sijisikii vizuri," ilhali hasira, wivu, aibu na woga kila kimoja kina dawa yake. Kisha inakuja misingi ya mwili: kulala vya kutosha, kula milo kwa wakati, kutibu maradhi, kuepuka pombe, kufanya mazoezi. Mtu mwenye njaa na usingizi hukasirika upesi. Hapa mlo wa mchana unahesabiwa kuwa kinga ya hisia, jambo linalowashangaza waliozoea kuuona kama adui.

Ipo pia stadi ya kutenda kinyume na hisia pale hisia inapompotosha mtu. Aibu humwambia ajifiche, yeye anatoka na kukaa na watu. Huzuni humwambia alale, yeye anavaa viatu na kutembea mpaka dukani. Haina maana ya kujifanya mwenye furaha, ila ni kuinyima hisia hiyo chakula chake.

Sehemu ya tatu ni kustahimili shida ambayo haiwezi kutatuliwa usiku huo. Deni halitalipika saa nne usiku, na mkuu wa kazi hataomba radhi. Kazi ni kupita saa hiyo bila kuongeza tatizo lingine. Washiriki huandaa mapema orodha fupi: kunawa uso kwa maji baridi, kutoka jikoni, kumpigia mtu simu, kusali, kukunja nguo, kuoga.

Mwanzoni mwa mafunzo kila mshiriki huahidi kuacha kabisa kula kupindukia, si kupunguza. Lakini hufundishwa pia cha kufanya akianguka: kusimama mara moja, kuandika mnyororo, na kula mlo unaofuata kama kawaida. Anayesema "nimeshaharibu, acha nimalizie" hugeuza chapati tatu kuwa wiki nzima.

Kwa nini kikundi

Tatizo hili huishi kwa siri. Mtu anaweza kuwa na ndoa ya miaka kumi na mwenzake asijue. Siku ya kwanza anapomsikia mgeni akieleza jinsi anavyoficha pakiti za biskuti, anagundua kwamba hayuko peke yake.

Waliozoea vikoba wanaelewa nguvu ya kukutana kila wiki na watu wanaokusubiri. Aliyekuja na kadi tupu ataulizwa. Aliyefaulu kupita usiku mmoja mgumu atapongezwa na watu wanaojua ugumu wake. Kwa upande wa hospitali, mtaalamu mmoja huweza kuwafikia watu wengi ndani ya saa mbili.

Masharti ni ya lazima: yanayosemwa ndani hayatoki nje, na hakuna anayetaniwa. Kikundi cha kutangaziana kilo mbele ya wote, kama vile vya simu ambako wa mwisho huchekwa, kinaweza kuongeza aibu ileile inayomfanya mtu ale.

Matokeo bila kutia chumvi

Utafiti wa Stanford uliochapishwa mwaka 2001 na Christy Telch, Stewart Agras na Linehan ulihusisha wanawake 44. Nusu walipata mafunzo, nusu walisubiri zamu. Kati ya waliomaliza mafunzo, 16 kati ya 18 walikuwa wameacha kula kupindukia. Kwa waliosubiri, ni 2 kati ya 16.

Miezi sita baadaye, asilimia ya walioendelea kuacha ilishuka kutoka 89 hadi 56. Na katika uzito, tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuwa ya kutegemewa kitakwimu.

Mwaka 2010 Debra Safer na wenzake, pia wa Stanford, walichapisha utafiti wa watu 101, wanawake na wanaume. Safari hii kikundi cha stadi kililinganishwa na kikundi kingine kilichopewa nafasi ya kuzungumza na kutiwa moyo bila stadi hizo. Mwisho wa mafunzo, asilimia 64 ya kikundi cha stadi walikuwa wameacha kula kupindukia, dhidi ya asilimia 36. Walioacha mafunzo njiani walikuwa asilimia 4 kwenye stadi na asilimia 33 kwenye kikundi kingine. Baada ya mwaka mmoja, hata hivyo, pengo kati ya vikundi hivyo lilikuwa limepungua sana.

Kwa hiyo anayejiunga akitarajia kupungua kilo 20 atavunjika moyo. Anachoweza kutarajia kwa haki ni kuacha kula kwa kujificha na kwa maumivu, na kupata usiku bila kujichukia. Kwa wengi hilo ndilo linalofungua njia ya ushauri wa lishe kufanya kazi, maana mpango wa mlo hauwezi kusimama ikiwa kila usiku wenye huzuni unaubomoa.

Nyumbani, mbele ya watoto

Namna ya kutuliza hisia kwa chakula hufundishwa mapema, mara nyingi kwa upendo. Mtoto akianguka, anapewa pipi. Akilia kanisani au msibani, anapewa biskuti anyamaze.

Katika utafiti mdogo wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010, watoto wa miaka 3 hadi 5 waliokuwa wameshiba walipewa mchezo wa kupanga picha ambao kipande kimoja kilikuwa kimeondolewa, ili waudhike. Kisha wakawekewa vitafunwa. Watoto ambao mama zao walikuwa na kawaida ya kuwatuliza kwa chakula walikula vitu vitamu zaidi walipoudhika.

Utani nao una gharama yake. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, watafiti waliwafuatilia vijana kwa miaka mitano. Wavulana waliokuwa wakitaniwa kuhusu uzito wao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuanza kula kupindukia. Wasichana waliotaniwa walielekea zaidi kuwa watu wa kujinyima chakula mara kwa mara. "Bonge," "kibonge" na "tipwatipwa" yanayosemwa mezani kwa kicheko hayasahauliki upesi.

Mzazi anaweza kuanza na mambo machache. Mtoto anayelia aulizwe kwanza kilichomuudhi na asaidiwe kukitaja: "Umekasirika kwa sababu kaka amechukua mpira wako?" Akumbatiwe, apewe muda, chakula kisubiri saa yake. Chakula kisitumike kama zawadi wala adhabu. Milo iwe na wakati unaojulikana, na mzazi naye ale mezani pamoja na watoto badala ya kushinda na njaa mbele yao.

Mume au mke akigundua mwenzake anakula kwa kujificha, mahali pabaya pa kuanzia ni kuhesabu chapati. "Naona siku hizi umechoka sana, mama Fulani, kuna kinachokusumbua?" humfungua mtu zaidi kuliko "tena umekula usiku?"

Pa kuanzia kutafuta msaada

Aliyejiona katika maelezo haya anaweza kuanza katika kliniki ya lishe au hospitali iliyo karibu, na kuomba rufaa kwa mwanasaikolojia au idara ya afya ya akili. Asiseme tu kwamba anataka kupungua. Aeleze kwamba kuna nyakati anakula na hawezi kuacha, ni mara ngapi kwa wiki, na huwa anahisi nini kabla na baada. Ataje na dawa anazotumia, hasa za kisukari, shinikizo la damu au msongo wa mawazo.

Anayejitapisha baada ya kula, anayetumia dawa za kuharisha ili apungue, au anayepata mawazo ya kujidhuru asisubiri siku ya kliniki. Aende hospitali mara moja, akiwa na mtu anayemwamini.

Wakati akisubiri miadi, daftari la shule linatosha kuwa kadi ya kila siku. Aandike safu nne: saa, alichokula, alichokuwa akihisi, na kilichotangulia. Baada ya wiki mbili atakuwa na kitu cha maana cha kumwonyesha mtaalamu, na pengine atakuwa ameshaiona pete moja inayoweza kukatwa.